Wiki Tatu katika Bustani ya Mama Ngosa

Sifa zimwendee Mungu aliyetenga maji na nchi kavu, akamwachia mwanadamu kazi ndogo ya kuangalia visichanganyike ovyo. Kazi hiyo ndogo nimeifanya kwa zaidi ya miaka thelathini katika mji huu wa Lubumbashi. Sikufukiwa na udongo wa mashimo yangu mwenyewe, wala sikuumwa na nyoka wa ndani ya visima vya vali, ingawa tulikutana mara nyingi na kila mmoja akampisha mwenzake. Kwa hiyo naanza na shukrani.

Mwezi uliopita wenzangu walifanya karamu ya kuniaga. Walinipa saa ya ukutani, zawadi anayopewa mtu siku ile anapoacha kuhitaji kujua ni saa ngapi. Tulipokuwa tunakunywa soda, vijana wa kikosi cha maji yanayopotea wakanizunguka.

"Mama Kapinga, utuandikie kintu," wakasema. "Mashini tuko nayo. Lakini mambo yenye iko mu kichwa yako, utaenda nayo ku nyumba?"

Basi, naandika. Sitaandika juu ya vyeo. Nilipanda ngazi kadhaa na nyingine zilikuwa mbovu. Nitaandika juu ya staji yangu, ile miezi ya kujifunza kazi, kwa sababu karibu kila nilichokijua baadaye kilianzia pale, na kilianza kwa kosa.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Wazazi wangu walitoka Kasai, wakatufundisha vitabu na sala kwa fimbo moja. Nilisoma kwa masista, na Jumamosi nilikuwa nafundisha watoto katekisimu parokiani. Nilipomaliza shule ya ufundi nilipata staji ya miezi mitatu katika kazi ya maji. Tulikuwa watano, mimi msichana peke yangu, na kila mtu alijua kwamba mwishoni angeajiriwa mmoja.

Nilikabidhiwa kwa Papa Ilunga. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia ya sufu iliyofunika masikio hata mwezi wa kumi, wakati lami inapolainika kwa jua. Nilipomuuliza kama hasikii joto, alinijibu, "Fundi mwingine anafichaka nyundo yake. Miye ninafichaka masikio."

Chombo chake kilikuwa fimbo ya chuma yenye kikombe cha mbao juu. Ncha unaiweka juu ya bomba au vali, kikombe unakibana sikioni, na maji yaliyo chini ya ardhi yanakuja kuzungumza nawe. Kikombe kile kilikuwa kimeng'aa kwa miaka ya sikio la Papa Ilunga, na siku ya kwanza niliona haya kukigusa. Tulianza alfajiri, malori hayajaanza kupita.

"Unasikia nini?"

"Shhh tu, Papa."

"Shhh ya namna gani?"

"Iko shhh tu."

"Bon. Kaa apa mpaka ikuwe shhh mbili."

Nilikaa pale asubuhi nzima kama kuku anayeatamia. Kuelekea saa tatu ndipo nilipozisikia zile mbili. Moja ilikuja na kuondoka, ikanyamaza, ikarudi. Nyingine haikunyamaza hata mara moja.

"Ile yenye inapumuzika, kuko muntu anayitumia," alisema Papa Ilunga. "Anafunga robine, anaenda kupika. Ile yenye haipumuzike njo inapotea." Kisha akanipa kanuni yake, ambayo nimewarithisha wote waliopita mikononi mwangu: "Kwanza sikio, alafu jicho, alafu jembe. Ukianza na jembe, utakuwa unalima mashamba ya bantu."

Nilicheka siku ile. Sikujua kwamba ananitabiria.

Katika mwezi wa tatu wa staji tulitumwa mtaa wa Naviundu. Kulikuwa na barabara moja ambayo nyumba zake za mwisho, karibu na shule, zilikuwa hazijapata maji tangu Pasaka. Ilikuwa mwezi wa tisa, mvua bado mbali, vumbi limekaa juu ya kila kitu hadi mbwa wote walikuwa wa rangi moja. Papa Ilunga alisikiliza sehemu ya juu ya barabara, hakuridhika. Siku iliyofuata habari ikamfikia kwamba kaka yake amefariki Pweto, na ilimbidi aende kwenye kilio.

"Unisubiri," aliniambia. "Usikilize, uandike. Ile tu, basi."

Sikumsubiri. Wenzangu wanne walikuwa wameshaonyesha ofisini maji waliyookoa, na mimi sikuwa na hata tone. Siku ya pili bila mzee niliweka fimbo chini, nikaanza kutumia macho, na macho yangu yakaona bustani.

Ilikuwa nyuma ya ua wa matete, katika lupango, yaani kiwanja, la mama mjane aliyeitwa Mama Ngosa. Barabara nzima ilikuwa rangi ya vumbi, lakini mle ndani lenga-lenga, mchicha wa kwetu, ilifika magotini, matembele yametambaa, ngai-ngai, ile mboga chachu, imesimama na mashina yake mekundu. Nilisimama ng'ambo ya barabara asubuhi mbili. Niliona akina mama wakiingia na mabeseni kichwani, wakitoka na mabeseni kichwani. Nilihesabu kumi na mmoja. Nikafungua ramani ya zamani ya mabomba: bomba kuu lilipita pale pale, chini ya ile lenga-lenga.

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa masista kwamba bomba limepasuka ndani ya lupango la mama huyo, kwamba yeye analificha, na kwamba majirani wanachota kwake. Shefu wa kituo alitia sahihi, akanipa wachimbaji wawili.

Tulipofika, lango lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani. Mwenye nyumba alikuwa misa ya asubuhi, misa ile ile niliyoikosa siku hiyo kwa haraka ya kazi. Tulifungua kamba. Tulichimba kupitia matuta matatu hadi shimo likamfika mtu kifuani, na udongo tuliutupa juu ya matuta mawili yaliyobaki. Bomba tulilikuta. Lilikuwa zima, mgongo wake mkavu kama mfupa.

Wachimbaji waliniangalia. Mimi niliangalia ramani, kana kwamba ingeona haya ibadilike. Ndipo Mama Ngosa akaingia, rozari bado mkononi, na nyuma yake jirani mwenye beseni kichwani, Mama Mujinga, jina la Kiluba lisilo tusi.

"Mama Ngosa," jirani aliuliza, "mayi ninaweka wapi?"

"Uweke chini, Mama Mujinga. Tuko na bageni." Kisha akatugeukia. "Batoto, munatafuta nini?"

"Mayi, mama," nikasema.

"Mu lenga-lenga yangu?"

"Tuliona bustani iko mubichi, na bamama banatoka na mabeseni…"

"Njo munaichimba juu iko mubichi?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinishika mkono, akaniinamisha juu ya beseni la jirani. Maji yalikuwa ya kijivu, yenye povu la sabuni na kisoksi kimoja cha mtoto kilichosahauliwa.

"Mayi yangu njo hii. Sabuni ya Mama Mujinga. Kunywa kidogo, uone kama iko ya bomba yenu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye barabara ile majirani kumi na mmoja hawakumwaga maji ya kufulia. Walimletea Mama Ngosa kila asubuhi, naye aliwajazia beseni mboga. Mabeseni yaliingia na maji machafu, yakatoka na lenga-lenga. Mimi niliyahesabu yote, nisichungulie hata moja. Mama Ngosa alikuwa akilea wajukuu watatu, na walikula bukari, ugali wetu, kwa mboga zile zile. Mpaka mvua ije hakuwa na shamba jingine. Nilikuwa nimetumwa kumtafuta anayepoteza maji ya Naviundu, nikafukia bustani ya mtu ambaye hakupoteza hata ya kuoshea kisoksi.

Papa Ilunga aliporudi kutoka Pweto, alinikuta nimekaa juu ya ngazi za ofisi. Alisikiliza habari yote bila kuvua kofia.

"Beseni, uliona kichwani kwa bamama?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ndani ya beseni?"

Aliniwekea mkono begani, akasema, "Karatasi ya ile shimo utaandika weye. Miye nitasoma kesho."

Karatasi ile ingeweza kuandikwa kwa mstari mmoja: pamechimbwa, bomba zima, pamefukiwa. Hakuna ambaye angeuliza, kwa maana Mama Ngosa hakuwa mtu wa kwenda ofisini kushtaki. Staji yangu ilikuwa imebakiza wiki tatu na nafasi ni moja. Nilisali kwanza, na niseme kweli, nilisali nipate njia ya kuandika mstari mmoja. Sikuipata. Niliandika kurasa mbili, na jina langu nikaliweka mwanzoni, mahali ambapo msomaji hawezi kuliruka.

Shefu alisoma, akavua miwani. "Lenga-lenga inachukua siku ngapi kukomaa?"

"Wiki tatu, shefu. Nne kama mayi haitoshe."

"Na staji yako?"

"Wiki tatu."

"Basi unajua utamalizia wapi."

Kesho yake nilifika kwa Mama Ngosa na jembe begani. Alinitazama kutoka juu hadi chini, macho yakaishia kwenye mabuti.

"Zile utaziacha ku mulango. Bustani yangu ilishakanyagwa."

Hivyo nikaanza staji yangu ya pili. Tulifukia shimo, tukatenga udongo mweusi wa juu na mwekundu wa chini, tukarudisha matuta matano. Mbegu alikuwa nazo, amefunga kwenye kitambaa na kuzining'iniza juu ya moshi wa jiko. Alinionyesha maji yake yanavyopita. Yale ya kuoshea mchele na mboga yaliosha sahani. Yale yenye sabuni aliyalaza usiku kucha katika chungu kilichopasuka chini, ndani yake mchanga na vipande vya makaa, yakatoka asubuhi mepesi. Huyamwagi juu ya jani, unayaweka kwenye shina, katika kishimo cha ukubwa wa ngumi, kisha unafunika na nyasi kavu ili jua lisiyaone. Shuleni nilikuwa nimefundishwa mambo haya kwa michoro na mishale. Yeye hakuwa na mishale, lakini kila mchoro niliukuta pale umekaa chini.

Lakini maji yenyewe yalikuwa yamekatika. Majirani sita waliacha kuleta. Sikuwalaumu, agano lilikuwa beseni kwa mboga, na mboga nilikuwa nimeiua. Mama Ngosa alizichunguza mbegu zake za kwanza zilizochipua, nyembamba kama nyuzi, akasema taratibu, "Bila ile mayi, iyi itakufa mbele ya siku kumi." Kisha akanipa beseni.

Nilienda lango kwa lango, na sare yangu ya kazi, pekupeku.

"Ati nini?" mama mmoja aliita wenzake. "Mukuye muone! Bantu ya mayi banakuya kuomba mayi! Na banataka ya kufulia!"

"Mwana, minakupa," mwingine alisema, "lakini kwanza ufue."

Nikafua. Nilifua nguo za nusu ya barabara ile, nepi, mashuka, hata suruali za fundi wa magari. Mikono ilibabuka. Kila beseni nililipata kwa vicheko, na vicheko vile, Mungu anisamehe, baadaye nilianza kuvipenda. Siku ya nane walikuwa wakiniita kwa jina. Siku ya kumi wale sita walirudi mmoja mmoja, wakisema wanakuja kuona tu.

Nilipokuwa nikipita na beseni kando ya ukuta wa shule, adhuhuri, mchanga unachoma nyayo kiasi cha kurukaruka, kulikuwa na mahali nilipokuwa napumzika bila kujua kwa nini. Mara ya tatu ya kupumzika pale nilijiuliza. Nyayo zilisikia ubaridi. Hapakuwa na jani wala unyevu, ni udongo ule ule mwekundu, na mbwa wawili wamelala.

"Mama," nilimuuliza Mama Ngosa, "pale ku ukuta ya shule, juu ya nini chini iko baridi?"

"Pale? Ilianza kuwa baridi tangu Pasaka. Imbwa yote ya kartie inalalaka pale." Aliendelea kupalilia. "Hamukuniulizaka."

Tangu Pasaka. Nilikimbia hadi ofisini bila mabuti. Papa Ilunga alikuja na fimbo, akaitafuta vali iliyozikwa chini ya vumbi, akavua kofia, akabana sikio. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akanipa kikombe.

Haikuwa ikipumzika.

Tulianza na sikio, tukaja jicho, mwisho jembe. Bomba lilikuwa limefunguka kwenye kiungo, na maji yote yalikuwa yanazama katika mfereji wa zamani uliosahauliwa chini ya ukuta, ndiyo maana juu hapakuota hata jani. Tuliyafunga siku ile ile. Kesho yake asubuhi nyumba za mwisho zilipata maji, na akina mama walipiga vigelegele kana kwamba ni harusi. Nilihofia kwamba, wakishapata maji ya robine, watamsahau Mama Ngosa. Hawakumsahau. Mtu anaweza kuzoea kupata maji, lakini mboga ya bure haimchoshi yeyote.

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu lenga-lenga ilitufika juu ya vifundo, na Mama Ngosa akakata ya kwanza, laini, akawapikia wajukuu. Siku hiyo hiyo Papa Ilunga alifika na fomu yangu ya staji. Shefu alikuwa ameirudisha bila sahihi. "Anasema, ile mwenye alikusimamia njo atie."

Mama Ngosa hakujua kuandika. Nilisoma maswali, naye akajibu, na mimi nikaandika hukumu yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Anafika kwa wakati?"

"Anachelewaka siku ya misa. Haina mubaya."

"Anatii?"

"Sasa, ndiyo."

Papa Ilunga alikohoa ndani ya kofia.

"Maoni mengine ya msimamizi."

Alifikiri, akitoa udongo ndani ya kucha kwa kijiti. "Andika: sasa anaangaliaka ndani ya beseni."

Hatukuwa na wino. Alichuma jani la lenga-lenga nyekundu, akalisaga chini ya dole gumba, akalibandika dole hilo kwenye karatasi kama sahihi. Shefu aliisoma mbele yangu, hakucheka, akaiweka chini ya kioo cha meza yake. Kazi niliipata, na juu ya vyeo nilisema sitaandika.

Miaka iliyofuata nilipokea wanafunzi wengi wa staji. Mashini za kusikilizia zilikuja, na ni nzuri, kwa kuwa siku hizi pikipiki na malori hayaachi sikio la mtu lifanye kazi. Lakini kila mgeni nilimpeleka kwanza Naviundu, asubuhi moja, abebe beseni la Mama Ngosa pekupeku. Mmoja alikuja na viatu vyeupe.

"Mama Kapinga, miye nilisoma idrolojia."

"Mungu asifiwe, mwanangu. Sasa vua viatu."

Mara nyingi tulikuta watu ambao kweli walikuwa wametoboa bomba. Hata kwao sikuwahi tena kufungua kamba ya lango kabla mwenyewe hajarudi. Nusu ya kazi yetu ni kuuliza, na mtu uliyemchimbia kwanza hakuambii ardhi ni baridi wapi.

Mama Ngosa alilala katika Bwana miaka michache iliyopita, mwezi wa nane, kiangazi kikali. Nilienda kwenye kilio na msichana aliyekuwa staji kwangu, Deborah, siku yake ya pili kazini. Jeneza lilikuwa bado ndani. Tulikuwa tumesimama langoni nilipoona akina mama wanakuja kutoka juu ya barabara, mabeseni kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wanaimba kwa sauti ya chini.

"Mama Kapinga," Deborah aliniuliza, "bale bamama banaleta nini? Chakula ya kilio?"

"Enda uangalie."

Alienda. Akawafuata hadi nyuma ya nyumba, kwenye matuta. Nilimwona anachungulia katika beseni la kwanza, kisha la pili. Akina mama waliinama, wakamwaga maji ya kufulia kwenye shina, si juu ya jani, tuta baada ya tuta, kama walivyofanya kila asubuhi. Mjukuu mkubwa wa Mama Ngosa alikuwa amesimama pale, macho mekundu, akimjazia kila mmoja beseni lake lenga-lenga. Hakuna aliyemruka.

Deborah alirudi. Aliinama langoni, akafungua kamba za viatu vyake, akaviweka kando ya vyangu.

Wewe unayesoma haya, uwe unaanza kazi au unaimaliza, Mungu akupe nyayo zinazosikia, sikio lenye subira, na mtu wa kukusahihisha kwa upole. Maji ya nyumba yako yasipungue, na yale unayoyamwaga yakute mizizi. Amina.